Maswali ya Wasomaji: "Huyo Mliyemsoma Mimi Simfahamu"

Barua tatu za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu waume, baba na babu waliotangulia mbele ya haki. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida kwa sababu mambo yaliyomo ni mengi, na kwa sababu kila mwaka napokea inayofanana nayo.

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni mjukuu wa kwanza wa mzee mmoja wa kijiji cha nje kidogo ya Mikindani, aliyefariki dunia mwezi uliopita baada ya kuugua kwa muda mrefu. Babu alikuwa mkulima wa korosho, na uzeeni alikuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka mingi. Siku ya mazishi baba yangu mdogo alisoma wasifu wa marehemu ulioandikwa kwenye karatasi moja: alizaliwa lini, alisoma mpaka darasa la nne, alioa, alifanya kazi gani, ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 23. Usomaji ulichukua kama dakika mbili. Jioni nilipoingia ndani kumpa bibi pole, alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo mliyemsoma mimi simfahamu." Maneno hayo hayajaniondoka.

Sasa arobaini inakaribia, na ukoo umenipa kazi ya kuandika wasifu mwingine utakaosomwa siku ya hitima na kuhifadhiwa kwa ajili ya watoto. Nimekwama. Kitambulisho cha taifa kinasema babu alizaliwa tarehe 1 Januari 1945, kadi yake ya zamani ya mpiga kura inasema 1938, na dada yake mkubwa, ambaye bado yu hai na ana akili timamu, anasema hajui mwaka bali anajua kwamba kimbunga kilipoezua nyumba yao, babu alikuwa na pengo la meno ya mbele na mama yao alikuwa akimcheka. Nimekuta pia sanduku lake la bati limejaa risiti za mauzo ya korosho. Ya zamani kabisa ni ya 1972 na ina kilo 640, lakini ya 1985 ina kilo 90 tu, na baba mdogo anasema miaka hiyo tuiruke kwa sababu ilikuwa miaka ya aibu, babu alikuwa ameshindwa na maisha. Nyuma ya risiti ya 1972 kuna mwandiko wake wa penseli: khanga doti 1, kaptula 2, chumvi, mafuta ya taa. Mwisho, ujanani babu alikwenda Tanga kukata mkonge, na huko alioa akapata mtoto kabla ya kurudi na kumwoa bibi. Baba mkubwa anasema jambo hilo lisiguswe kabisa. Naomba uniongoze.

Mjukuu, Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako na ampe bibi yako subira.

Kabla sijagusa tarehe wala sanduku nianze na bibi, kwa sababu maneno aliyokuambia jioni ile ndiyo kiini cha barua yako. Karatasi ya baba yako mdogo haikuwa na uongo. Kasoro yake ni kwamba ingeweza kusomwa juu ya kaburi la mzee yeyote kuanzia Mikindani hadi Newala na isipungukiwe kitu: alizaliwa, alisoma, alioa, alifanya kazi, ameacha watoto. Mtu aliyeishi naye nyumba moja kwa zaidi ya nusu karne, akajua anavyokohoa anaporudi shambani amechoka na anavyokohoa anapotaka chai, atamtambuaje mumewe katika maneno hayo? Naomba uwaulize wazee wako kwa adabu: karatasi ile ilipokuwa ikiandikwa, nani alikwenda kumwuliza mjane? Katika misiba mingi niliyohudhuria huku kwetu kusini, wasifu huandikwa na wanaume nje, usiku ule ule wa msiba, mmoja ana kalamu na wengine wanataja, na yule anayejua kuliko wote yumo ndani amezungukwa na wanawake wenzake, hakuna aliyemkumbuka.

Bibi yako sasa yumo katika eda, miezi 4 na siku 10, na muda huo anaupitisha nyumbani, hana haraka ya shamba wala ya soko. Wengi huuona kuwa muda wa kumwacha peke yake. Mimi naomba uuone kuwa ni muda wa kukaa naye. Wewe una nafasi ambayo baba zako hawana, kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani: mwana hawezi kumwuliza mama yake alivyoposwa, na wala hafai, lakini mjukuu anauliza, bibi anamtukana kidogo, kisha anasimulia. Usimwambie "bibi, nipe historia ya babu," maana atakupa ile ile ya kwenye karatasi. Mwulize vitu vidogo vinavyoshikika. Siku ya kwanza alipomwona alikuwa amevaa nini? Alipokasirika alikuwa akifanya nini? Mtoto alipougua usiku, nani aliamka? Chukua ile risiti ya 1972, mwoneshe mwandiko wa penseli, kisha umwulize khanga ile ilikuwa ipi. Nina hakika anaijua, na sitashangaa ikiwa kipande chake kimo bado ndani ya sanduku lake mwenyewe. Msimu ule babu yako aliuza kilo 640, akageuza risiti akaandika mahitaji ya nyumba, na la kwanza katika orodha likawa khanga ya mkewe, kabla ya chumvi na kabla ya mafuta ya taa. Ukiandika hilo na ukaacha mengine yote, bibi yako atamtambua.

Nasema haya nikiwa na jeraha langu. Baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Mtwara. Alipofariki tuliandika kwamba alifanya kazi bandarini "kwa uaminifu mkubwa," na basi. Mwaka mmoja baadaye mama, akichambua mbaazi, akasema kama mtu anayejisemea kwamba baba alikuwa haingii kulala mpaka aoshe miguu kwa maji ya moto, kwa sababu alikuwa akishinda pekupeku juu ya mbao za shehena ili viatu alivyopewa kazini avilete nyumbani vikiwa vipya, kaka yangu avivalie shule. Kaka yangu alikuwa ameketi pale pale. Alivivaa viatu vile miaka yote bila kujua. Hatukuwa tumemwuliza mama.

Sasa tarehe. Shangazi wa baba zako, huyo dada yake marehemu, amekupa ushahidi ulio imara kuliko kadi zote mbili, ila unahitaji kufasiriwa. Kimbunga kikubwa ambacho wazee wa Lindi na Mikindani hukitumia kuhesabia umri kilipiga pwani yetu mwezi Aprili 1952. Mtoto hung'oka meno ya mbele akiwa na miaka 6 au 7. Kwa hiyo babu yako alizaliwa mwaka 1945 au karibu sana na hapo, na kitambulisho chake, pamoja na hiyo tarehe 1 Januari ambayo bila shaka iliwekwa na mwandishi aliyehitaji kujaza nafasi, kiko karibu na ukweli. Kadi ya 1938 iwekeni kando. Kwenye mambo ya serikali, yaani cheti cha kifo na mirathi, tumieni tarehe ya kitambulisho ili majina na tarehe visije vikagongana mbele ya hakimu. Katika wasifu, hata hivyo, usiandike tarehe kavu. Andika kwamba mwaka wa kimbunga alikuwa na pengo na mama yake alimcheka, kwa sababu mtoto atakayesoma habari hizo miaka 30 ijayo atamwona babu yake akiwa mtoto mwenzake.

Kwa njia hiyo hiyo unaweza kupanga maisha yake yote. Waulize wazee aliingia jando na nani, maana wa rika moja hawasahauliani, na mwaka wa mmoja wao ukijulikana, wa wote umejulikana. Uliza kama alikuwa tayari anafanya kazi bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961. Kwetu kusini kuna alama nyingine ambazo wazee wanazishika vizuri, kama ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa kabla haujafikisha miaka mitano, ukatuachia bandari ya Mtwara na njia ya reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa. Mzee anayekumbuka treni ikipita amekwisha kukwambia umri wake.

Nakuja kwenye zile kilo 90, na hapa namwomba baba yako mdogo anisamehe, kwa sababu nitampinga moja kwa moja. Miaka ile haikuwa ya aibu ya babu yako. Mnamo 1973 Serikali iliagiza watu wote wahamie katika vijiji, na mwaka uliofuata huku kwetu familia nyingi ziliondolewa kwenye makazi yao ya zamani, mikorosho ikabaki porini katika mahame, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Shamba la mikorosho lisilopaliliwa huingia kichaka, moto hupita, na hata korosho zikianguka hakuna wa kuziokota. Bei nayo ilikuwa ndogo. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyafunika maua kama unga wa muhogo, yakakauka kabla ya kushika. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zaidi ya 140,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki 20,000. Mikoa ya Mtwara na Lindi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya anguko hilo, na mashamba yalianza kuinuka pale tu watafiti wa Naliendele walipoonesha namna ya kupuliza salfa na wakulima wakaruhusiwa kurudi kwenye mikorosho yao.

Sasa itazame tena risiti ya 1985. Mtu aliyeshindwa na maisha hana risiti ya 1985. Kilo 90 zile zilitoka wapi, kama si kwenye mahame? Zilibebwa na nani, kwa kichwa au kwa baiskeli? Nenda kwa bibi na swali hilo. Nahisi atakwambia kwamba mumewe alikuwa akiondoka alfajiri na panga na kibuyu cha maji kwenda kwenye mikorosho ambayo wengine walikuwa wameikatia tamaa, na pengine alikuwa akifuatana naye. Risiti hiyo msiitupe wala msiiruke. Mimi ningeisoma kwa sauti siku ya hitima, kilo kwa kilo, mbele ya wanawe. Na ikiwa mahame bado yanajulikana yalipo, wachukue wajukuu mwende siku moja msimu wa mabibo, kuanzia Oktoba hivi, mkaone kama kuna mkorosho uliobaki.

Kuhusu Tanga, nakubaliana na baba mkubwa kwa nusu. Vijana wa kusini waliokwenda kukata mkonge, waliokuwa wakiitwa manamba, walikuwa maelfu kwa maelfu. Walitoka Makondeni, Uyaoni, Umakuani na hata ng'ambo ya Ruvuma, na hakuna ukoo mkubwa huku usio na mtu aliyewahi kwenda. Si siri wala doa. Kwa nini ndoa ile ilivunjika ni habari ya watu wawili ambao mmoja wao hawezi kujibu tena, na jambo hilo liachwe kama lilivyo. Lakini mtoto ni mtoto. Ikiwa alizaliwa ndani ya ndoa, ana haki yake katika mirathi kwa sheria ya dini yenu, na ana haki ya kutajwa kwa jina miongoni mwa watoto wa baba yake. Karatasi inasema watoto 7. Hesabu tena na bibi, na umwulize yeye kwanza, kabla ya mwingine yeyote, kama yuko radhi idadi iwe 8. Wanawake wa umri wake mara nyingi wamekwisha kulijua na kulisamehe jambo hilo zamani, wakati watoto wao bado wanalinong'ona.

Usisahau upande aliotoka. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mwanamume alipooa mara nyingi alihamia kwa wakwe zake, kwa hiyo miaka yake ya kwanza haimo mikononi mwenu ninyi watoto na wajukuu. Imo kwa dada yake na kwa wapwa zake, ambao kwao yeye hakuwa baba wala babu bali mjomba, na mjomba huku kwetu ni mtu mzito. Nenda kwao na kilo ya sukari, ukae, usiwe na haraka. Watakupa mtu ambaye hata bibi hajawahi kukutana naye. Na pale maelezo yao yatakapopishana na ya bibi, usiwe hakimu. Andika: dada yake anasema hivi, mkewe anasema hivi. Wote wawili walimpenda, na kila mmoja alimwona kutoka mlango wake.

Siku yenyewe ya hitima msome kwa kifupi, kurasa mbili zinatosha, kwa sababu watu wamekuja kwa ajili ya dua. Maandishi marefu yabaki kwenye daftari gumu lenye jalada, si kwenye simu peke yake, na liachwe na kurasa tupu mwishoni. Kabla ya siku hiyo, mketi wewe na bibi yako wawili tu, umsomee yote tangu mwanzo. Akikukatiza kusahihisha, shukuru. Akikaa kimya akisikiliza hadi mwisho, basi peleka.

SWALI

Nakusalimu mwandishi. Mimi ni mjane wa miaka 71, naishi Masasi na mwanangu wa pili. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikahama naye vituo vyote, Liwale, Nachingwea, Newala, mwisho Masasi. Amefariki mwaka wa pili sasa. Wanangu wananitunza vizuri, lakini kila nikimtaja baba yao wanabadilisha mazungumzo, wanasema nitajiumiza. Nguo zake waligawa, baiskeli yake ikauzwa. Mimi nimebaki na redio yake, betri zimekwisha na hakuna aliyezinunua. Juzi mjukuu wangu wa miaka 6 aliniuliza, "Bibi, babu alikuwa anaongeaje?" Mama yake akamnyamazisha. Je, ni kosa kumtaja kila siku?

Mjane, Masasi

JIBU

Shikamoo mama yangu. Si kosa. Umeishi na mtu huyo maisha yako yote ya utu uzima, umepanga na kupangua vyombo naye katika vituo vinne, ungemtaja nani?

Wanao hawana ubaya. Ninavyowaona, hawakulindi wewe bali wanajilinda wao, kwa sababu mtu mzima mwenye kazi na watoto anaogopa kulia mbele ya mama yake, na njia nyepesi ni kuyafunga maneno kabla hayajafika koo. Waketishe siku ya Jumapili baada ya chakula, uwaambie waziwazi, kwa sauti yako ya mama: "Nikimtaja baba yenu siumwi. Nikinyamaza ndipo naumwa." Machozi yakija, yaje. Ninyi nyote mmefiwa, na nyumba isiyoruhusu kulia huishia kuwa nyumba isiyozungumza.

Lakini mtu wako hasa ni yule mtoto. Amekuuliza swali zuri kuliko yote niliyoyapokea mwaka huu, na naomba alijibiwe. Babu alikuwa anaongeaje? Alikuwa na sauti ya darasani hata mezani? Alikuwa na neno alilopenda kulirudia? Mwigizie. Kisha mpe kituo kimoja kimoja, jioni moja Liwale, nyingine Nachingwea, kwa kuwa vituo vile ni njia aliyoipita babu yake na mtoto anaweza kuifuata kwa kichwa. Mwambie mlivyofika Liwale na masika, barabara imekatika, godoro limelowa. Mwambie nani aliwapokea, mlikula nini usiku wa kwanza, babu yake alisema nini alipoiona nyumba ya mwalimu. Mambo hayo hayamo kwenye faili lake la utumishi, na ukifunga mdomo hayatakuwepo popote.

Kijijini Lupaso, huko huko wilayani Masasi, amezikwa Rais Benjamin Mkapa, na yeye alijaliwa kutoa kitabu cha maisha yake mwishoni mwa 2019, miezi michache tu kabla ya kufariki Julai 2020. Mwalimu wa shule ya msingi hapati nafasi hiyo, ingawa huenda waliosoma herufi zao za kwanza kwake ni mamia. Mumeo anacho kitabu, ila kimesambaa, na kurasa zake zinatembea mitaani. Yule mwendesha bodaboda anayekuita mama mwalimu ni ukurasa. Muuguzi aliyekuamkia zahanati kwa kumtaja mumeo ni ukurasa. Wakikusalimu usiishie kwenye "marahaba mwanangu"; waulize, "Unamkumbuka kwa lipi?" Utaambiwa habari za fimbo, za wimbo wa hesabu, za siku alipomnunulia mtoto fulani daftari kwa fedha yake, na mengine wewe mwenyewe utakuwa unayasikia kwa mara ya kwanza. Uyapeleke nyumbani, uyasimulie wakati wa chakula cha jioni. Sidhani kama wanao watabadilisha mazungumzo wakisikia jambo jipya la baba yao.

Betri mtume huyo mjukuu akanunue leo. Afungue redio pale pale kituo kilipoachwa na babu yake.

SWALI

Baba yetu alifariki miezi mitatu iliyopita. Kwenye simu yangu nina ujumbe wake wa sauti kama 40 hivi, mwingi ni wa kunikumbusha kulipa ada ya wadogo zangu au kuniuliza kama nimekula. Naogopa simu itaharibika, na pia nashindwa kuusikiliza. Nifanye nini?

Mtoto wa mwisho wa kiume, Lindi mjini

JIBU

Pole sana kijana wangu. Anza na usalama, kwa sababu huzuni inaweza kusubiri lakini simu haisubiri. Nakili ujumbe wote kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Kila ujumbe uupe jina lenye tarehe na neno moja au mawili ya kilichosemwa, mfano "ada ya muhula wa pili" au "umekula?", maana sauti 40 zisizo na majina hazitafutiki. Usifute hata ule unaouona hauna maana. Huo wa "umekula?" ndio wajukuu wake watakaoutaka, kwa kuwa humo yumo mzima, na pumzi yake na jogoo anayewika nyuma.

Kusikiliza si lazima sasa. Wapo waliosubiri mwaka, na siku ilipofika walijua wenyewe. Usiutume kwenye kundi la familia kwa ghafla, kwa sababu sauti ya marehemu humfikia mtu popote alipo, sokoni, garini, jikoni, bila kumwandaa. Na kama mama yenu yupo, nenda umwambie kwamba unayo, kisha mwache yeye akuambie ni lini.